Jiji la Magome na Mbegu: Maonyesho ya Treni za Mfano Bronx, Pamoja na Bibi

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, Bustani ya Mimea ya New York iliyoko Bronx huweka ndani ya nyumba yake kubwa ya vioo maonyesho ya treni za mfano, ambayo yalianza mwaka 1992 na kwa familia nyingi za jiji hili yamekuwa sehemu ya sikukuu kama ulivyo mti wa Krismasi. Safari hii tulikwenda watu watano: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa kiume wa miaka minne, na mama yangu mzazi aliyetoka Tabora kuja kukaa nasi kwa miezi mitatu. Ninaandika nikiwafikiria hasa wenzangu wanaoishi huku, ambao hupokea wazazi wakati wa baridi na kila wikendi wakahangaika wasijue wawapeleke wapi, kwa sababu mahali pengi panapowafurahisha watoto humchosha mzee, na mahali pengi panapomfaa mzee huwafanya watoto waanze kuuliza saa ya kurudi nyumbani. Hapa tulikaa karibu saa tatu, na aliyeomba tuzunguke mara ya pili hakuwa mtoto.

Anayekwenda kwa ajili ya treni peke yake ataona nusu tu ya kilichopo. Treni zinapita katikati ya mfano wa jiji la New York lenye karibu majengo 200 mashuhuri, kuanzia Empire State Building na Sanamu ya Uhuru hadi nyumba za karne zilizopita ambazo wakazi wengi wa leo hawazijui, na majengo yote hayo yamefunikwa kwa mimea mikavu. Kuta ni magome ya miti. Vigae vya paa ni magamba ya matunda makavu ya msonobari, yamepangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Mihimili ni vijiti, baadhi ya nguzo ni mdalasini, na mapambo ya madirisha na vilele vya minara ni mbegu za mwaloni, mbegu za mkaratusi, vikonyo na majani makavu. Kazi hii ilibuniwa na Paul Busse, msanifu wa mandhari ambaye kampuni yake, Applied Imagination, iko katika mji wa Alexandria, jimbo la Kentucky, na baadaye uongozi wake ukashikwa na binti yake, Laura Busse Dolan. Mafundi wao huanza kwa kusoma picha na michoro ya jengo halisi, wakaunda umbo lake, kisha wakalivisha kipande kwa kipande, na jengo moja huweza kuchukua mamia ya saa za kazi ya mikono.

Nilikuwa nimemweleza mama kwamba tunakwenda kuona treni ndogo. Sikumweleza habari ya magome, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona kwenye picha tu na sikuitilia maanani. Alipofika mbele ya jengo la kwanza aliinama kidogo, akautazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akasema, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, "Haya ni magome. Kama ya mzinga." Babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali katika misitu ya miombo, na mizinga aliyoitundika mitini aliitengeneza kwa magome ya mti uitwao mtundu, akiyabandua yakiwa mazima, akiyakunja kuwa pipa na kuyashona kwa kamba za magome yale yale. Kuanzia hapo mama hakuhitaji mtu wa kumweleza chochote. Alikwenda jengo kwa jengo akitazama mahali ambapo kipande kimeungana na kipande, akiwaonyesha wajukuu zake gome lililokatwa likiwa bichi na lile lililokatwa likiwa limeshakauka, na sababu iliyomfanya fundi alaze nyuzi za gome wima kwenye mnara lakini alaze za ukuta wa chini mkao wa ubavu. Binti yangu, ambaye kwa kawaida humsikiliza bibi yake kwa adabu tu, alianza kumuuliza maswali ya kweli.

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue kutoka kwenye tathmini hii. Tumezoea kuwapeleka wazazi wetu mahali ambapo sisi na watoto ndio tunaojua na wao ndio wanaoelezwa: jengo hili ni la nani, tiketi inakaguliwa wapi, ngazi ya umeme inapandwaje. Katika nyumba hii ya vioo mambo yaligeuka. Mtu aliyewahi kusuka ukili, kuezeka nyumba, kukata kibuyu kikawa kata ya kuchotea maji, au kutenganisha mbegu nzuri na zilizotobolewa na wadudu, anaingia humo akiwa na ujuzi kuliko wageni wengi wanaomzunguka. Ninawasihi wale wanaofikiri kwamba "mzee hatapenda mambo ya kitoto" wafikirie upya.

Sasa treni zenyewe. Zipo zaidi ya 25, zikiwemo vichwa vya mvuke vya zamani, treni za abiria, za mizigo na tramu, na reli zote zikiunganishwa zinakaribia nusu maili, yaani kama mita 800. Zinatumia umeme mdogo unaopita kwenye reli zenyewe, na ni za kipimo kiitwacho G, kikubwa kuliko treni za mezani ambazo watoto wengi huwa nazo, kwa hiyo hata mtoto aliyesimama nyuma kidogo anaona magurudumu na vishikio vya milango. Njia ya kipimo hicho ina upana wa milimita 45 kati ya reli na reli. Kampuni ya Kijerumani ya Lehmann, iliyokitambulisha kipimo hicho mwaka 1968 kwa chapa ya LGB, ilikusudia kuiga treni za njia ya mita moja kwa uwiano wa 1 kwa 22.5, na ukizidisha milimita 45 kwa 22.5 unapata mita moja na sentimita kama moja hivi. Mita moja ndio upana wa Reli yetu ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vichwa na mabehewa yanayopita Bronx ni ya sura ya Kimarekani na si kila moja limefuata uwiano ule ule, lakini chini yake pamelala reli za upana uliozaliwa kwa kuiga njia kama yetu.

Nilimweleza mama hesabu hiyo kwa sababu marehemu baba alikuwa gadi, yaani msimamizi wa safari ya treni, katika Reli ya Kati kwa miaka mingi, na nyumba yetu ya Tabora ilikuwa karibu na njia kiasi kwamba sisi watoto tulijua saa kwa milio ya treni. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamuuliza mjukuu wake, ambaye humwita "mume wangu" kama bibi zetu wanavyofanya, "Sasa mume wangu, hizi treni gadi wake yuko wapi?" Mtoto akajibu kwamba hakuna gadi, zinajiendesha. Bibi hakukubali. Alisubiri treni ya mizigo ipite, akanyoosha kidole kwenye kibehewa chekundu kilichofungwa mwisho kabisa, chenye kibaraza kidogo na dirisha juu ya paa, akasema gadi anakaa humo. Alikuwa sahihi, maana treni za mizigo za Marekani zilikuwa na behewa la namna hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wa nyuma hadi yalipoanza kuondolewa kwa wingi katika miaka ya 1980. Kwa dakika ishirini zilizofuata mwanangu hakutazama kichwa chochote cha treni. Alikuwa akitafuta behewa la gadi katika kila msafara, na alipolikosa alihuzunika kwa dhati, kana kwamba treni imeondoka na kumwacha mtu wake stesheni.

Mpenzi wa treni za mfano anayejua habari za ishara, makutano na ratiba atazikuta hapa treni zikizunguka tu, kila moja kwenye mzunguko wake, bila kupishana wala kusubiriana kwenye stesheni. Si kasoro kwa maoni yangu, kwa kuwa kazi ya treni hapa ni kulitia jiji pumzi na mwendo, lakini anayetaka kuona reli ikiendeshwa kama reli atafute mahali pengine. Zinapopendeza zaidi ni juu ya madaraja. Daraja la Brooklyn, lililotengenezwa kwa vijiti na mizabibu, limepita juu ya vichwa vya watu, na treni zinakatiza juu yake wakati wewe umesimama chini ukitazama matumbo ya mabehewa. Tunaishi Brooklyn na daraja lenyewe tunalivuka karibu kila wiki, lakini watoto walilitazama hili la vijiti kwa makini ambayo lile la mawe na nyaya halijawahi kuyapata.

Jengo lililonikalisha mimi kwa muda mrefu zaidi ni Penn Station ya zamani. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa na nguzo kubwa za mawe kama hekalu la Kirumi, na kuanzia mwaka 1963 ikabomolewa, jambo lililowauma wakazi wa New York kiasi cha kuchangia kupitishwa kwa sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Leo abiria wa Penn Station hupita chini ya ardhi, na aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kuiona ile ya zamani isipokuwa kwenye picha. Katika maonyesho haya imesimama tena, nguzo zake zote zikiwa za mimea, taa ya manjano ikiwaka ndani, na treni inapita mbele yake. Mbali kidogo na hapo upo uwanja wa besiboli wa Yankee wa mwaka 1923, ambao nao haupo tena, na upo mfano wa hoteli ya ajabu ya Coney Island iliyojengwa mwaka 1885 kwa umbo la tembo na kuteketea kwa moto mwaka 1896. Binti yangu alimpenda tembo huyo kuliko kitu kingine chochote. Alikataa kusadiki kwamba watu waliwahi kulala tumboni mwake mpaka baba yake alipomwapia.

Lipo pia jengo la abiria la shirika la ndege la TWA la uwanja wa ndege wa Kennedy, lile lililosanifiwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1962, lenye paa kama mbawa za ndege anayetaka kuruka. Mama alikuwa ametua kwenye uwanja huo wiki tatu kabla, na alifurahi kukuta mahali alipofikia pamo ndani ya jiji hili la mimea, ingawa nilimweleza kwamba yeye alipita jengo jingine na hilo siku hizi ni hoteli.

Nyumba ya vioo yenyewe inastahili maneno yake. Inaitwa Enid A. Haupt Conservatory, ilikamilika mwaka 1902, na mfano wake mdogo umo ndani ya maonyesho, hivyo mgeni husimama ndani ya jengo akilitazama jengo hilo hilo likiwa na ukubwa wa meza. Nje ya majira ya treni ni makazi ya mimea ya nchi za joto, yakiwemo mashina marefu ya jamii ya michikichi chini ya kuba kuu na mimea ya majangwa ya Afrika na Amerika. Joto lake ni la kweli. Siku tuliyokwenda nje kulikuwa na barafu, na tulipoingia mama alivua skafu, akavua glavu, akavuta pumzi akasema kwamba hii ndiyo hewa ya binadamu. Jiandaeni kwa hilo, kwa sababu makoti matano ya baridi yakishavuliwa yanahitaji mtu wa kuyabeba muda wote. Mvalisheni mtoto nguo nyepesi chini ya koti, na ikiwa mzee wenu anatembea kwa shida, angalieni mapema viti vya kupumzikia kabla hajaanza kuvitafuta kwa macho.

Kuhusu safari ya kwenda, nina ushauri mmoja ninaoamini umeifanya siku yetu iwe bora. Treni ya chini ya ardhi namba 4 ingetufikisha Bronx moja kwa moja, lakini tulishuka kwenye stesheni kuu ya Grand Central na kupanda treni ya Metro-North ya njia ya Harlem, ambayo kwa muda wa kama dakika 20 hufika stesheni iitwayo Botanical Garden, mbele ya lango la bustani. Tulifika Grand Central mapema makusudi, tukawaacha watoto na bibi yao watazame dari lake la nyota, saa yake ya katikati na madirisha yake marefu. Saa moja baadaye walilikuta jengo hilo hilo la mwaka 1913 likiwa limejengwa kwa magome na mbegu, na wakaanza kulinganisha: nguzo hii ipo, sanamu ile ya juu ipo. Anayekwenda kwa gari anakosa ulinganisho huo, na anakosa pia kumwonyesha mtoto treni ya kweli kabla ya zile za mfano.

Tiketi huuzwa kwa muda maalumu wa kuingia, na inafaa kununua mapema kwa sababu Jumamosi na Jumapili za Desemba watu ni wengi mno. Mwaka uliotangulia tulikwenda Jumamosi bila kununua kabla, tukarudi nyumbani bila kuingia. Bei si ndogo, maana mtu mzima hulipa zaidi ya dola 30, na familia ya watu watano inapaswa kuipangia bajeti. Tulichagua siku ya katikati ya wiki, asubuhi, watoto wakiwa wamefunga shule, na tuliweza kusimama mbele ya kila jengo kwa muda tuliotaka bila mtu kutusukuma. Kuna pia siku zinazofunguliwa hadi usiku, ambapo taa za ndani ya majengo huonekana vizuri zaidi. Sisi hatukuzijaribu kwa sababu ya mtoto mdogo na baridi ya usiku. Hakikisheni tu kwamba tiketi mnayonunua ni ya maonyesho ya treni, wala si ya kuingia viwanjani peke yake. Bustani ina ekari 250, na mtu anaweza kuzunguka viwanja vyake siku nzima asione treni hata moja.

Chakula sitakizungumzia sana. Tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi kwenye chupa, tukala kabla ya kuingia, na sikuona sababu ya kujuta. Baada ya hapo tulijaribu mkahawa mmoja mtaani ambako mama aliletewa chai ya uvuguvugu mara mbili, akaiacha.

Kabla hatujaondoka mama aliomba arudishwe kwenye Daraja la Brooklyn. Nilidhani anataka kupigwa picha, nikatoa simu. Hakutaka picha. Alisimama chini ya daraja, akamshika mjukuu wake mkono, wakasubiri treni tatu zipite juu yao, na kila behewa la mwisho lilipokaribia walimpungia mkono gadi.